Mjadala: Sherehe za kitaifa ni zetu, au kazi yetu ni kujaza uwanja?

Baba Watatu, Umoja (mwanzisha mada)

Wadau, hamjambo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu ile Jamhuri niliyompeleka kitinda mimba wangu Uhuru Gardens. Nilitaka aone mahali bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Saa kumi alfajiri tulikuwa Lang'ata Road kwenye foleni, yeye kavaa soksi mbili mbili na koti la kakake. Tukaingia, tukapata nafasi huko nyuma kabisa. Gwaride tuliliona vipande vipande: kofia, bayoneti, kisogo cha jamaa mmoja mrefu. Ndege zikapita, watoto wakapiga kelele, kisha hotuba zikaanza na jua likapanda. Shule zilipofunguliwa mwalimu akawaambia waandike walivyosherehekea Jamhuri. Wangu aliandika neno moja: "Tulikaa."

Katiba, ibara ya 9, inataja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba. Hoja yangu ni hii. Jamhuri ibaki na gwaride lake, sina ugomvi na wanajeshi. Lakini Madaraka na Mashujaa zitolewe viwanjani zirudi mitaani, wadi kwa wadi. Norway hufanya hivyo kila 17 Mei, siku katiba yao ilipotiwa sahihi mwaka 1814. Wanaoandamana ni watoto wa shule na bendi zao. Pale Oslo hupita mbele ya jumba la mfalme, naye husimama roshani akiwapungia mkono. Yaani mkubwa ndiye anayetazama, mtoto ndiye anayepita. Sisi tumegeuza.

Mtoto wa Webuye, Kawangware

Baba Watatu, heshima yako, lakini hapo unatunyang'anya tonge mdomoni. Zamani sherehe zote zilikuwa Nairobi. Tangu Madaraka ya 2016 ilipopelekwa Nakuru ndipo sisi wa mashambani tukaanza kuonekana. Kisumu walipata 2021, Embu 2023, sisi Bungoma 2024. Ule uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi ulikuwa umekwama miaka mingi. Rais alipotangaza kwamba anakuja, mafundi walilala hapo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukirudisha Madaraka mtaani, nani atanijengea uwanja?

Mhasibu, Ruaraka

Mwenyeji apone mara ngapi, ndugu yangu? Piga hesabu. Kaunti ni 47. Ukitoa Nairobi zinabaki 46, na zinazozunguka ni sherehe mbili kwa mwaka. Zamu yako ikipita, unangoja miaka 23. Mtoto aliyezaliwa Kanduyi siku ile atakuwa ameshaoa.

Halafu uwanja ni suala la bajeti, haufai kungoja mgeni. Na msisahau Kericho, Mashujaa ya 2023. Watu walikufa kwa msongamano alfajiri, wakigombania kuingia. Waliamka usiku kama Baba Watatu, nao hawakurudi.

Mtoto wa Webuye, Kawangware

La Kericho sina jibu. La uwanja nabaki nalo. Uganda nao huizungusha 9 Oktoba, siku yao ya uhuru, wilaya kwa wilaya, hawajawa wajinga.

Mtanzania wa South B

Naomba kuingia, ingawa ni mgeni kwenu. Mwaka 2015 Magufuli alikuwa na wiki chache tu ofisini alipofuta sherehe za 9 Desemba, akasema siku hiyo tufanye usafi. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar. Mimi nilikuwa Mwananyamala na fagio, na jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana ndiye aliyenishikia toroli. Tulizibua mtaro uliokuwa unanuka tangu mvua za vuli zianze. Nimeshuhudia sherehe nyingi za Uhuru, lakini ninayoikumbuka ni hiyo. Mwaka 2022 Mama Samia naye alifuta, fedha zikaenda kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Ila msikimbilie kufuta kila kitu. Mkishafuta, siku inabaki tupu, watu wanalala. Sikukuu yetu inayonoga ni Nane Nane, siku ya wakulima, 8 Agosti. Pale Nzuguni Dodoma, au Njiro Arusha, mtu anakwenda kwa sababu ana shughuli: kuangalia mbegu, kuuliza bei ya ng'ombe wa maziwa, mtoto apande trekta, baadaye nyama choma. Hotuba ipo, na asiyeitaka yuko bandani anashika majogoo.

Jambo jingine, Desemba 9 ni uhuru wa Tanganyika. Mzanzibari siku yake ni Mapinduzi, 12 Januari. Nchi moja, sikukuu mbili, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Soja wa geti, Kilimani

Nyinyi mnabishania uwanja. Mimi Jamhuri zote sita zilizopita nimekuwa getini. Kanuni za mishahara zinasema saa za sikukuu zilipwe maradufu. Mwajiri wangu anasema "tutaangalia". Anaangalia tangu mwaka juzi. Hiyo 17 Mei ya Norway, walinzi wao huandamana saa ngapi?

Dada wa Eastleigh

Kaka soja, pole. Umesema kweli na nadhani utarukwa, kwa hiyo narudia: sikukuu ni ya mwenye ruhusa ya kutokwenda kazini.

Langu ni jingine. Idd-ul-Fitri sheria inaitambua kwa Wakenya wote. Idd-ul-Azha imeandikwa kwa Waislamu, na Diwali kwa Wahindu. Azha ikiwa ya wote ni waziri ametangaza, mara nyingine zimebaki siku chache tu na mimi nimeshaomba ruhusa kazini kwa maneno matamu. Hata hivyo sijawahi kuona serikali ikitupangia namna ya kusherehekea. Mwezi ukionekana, usiku ule ule Mtaa wa Nane haupitiki, asubuhi tunaswali uwanjani Sir Ali, mchana sahani zinavuka ngazi za fleti mpaka kwa majirani Wakristo. Hakuna jukwaa. Mnaouliza Madaraka itarudije mitaani, njooni mtazame.

Mhasibu, Ruaraka

Dada, Idd ina miaka zaidi ya elfu moja ya mazoea. Hizi zetu hata majina hayatulii. 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, katiba ya 2010 ikaiacha nje, mahakama mwaka 2017 ikasema bado ni sikukuu kwa kuwa sheria haikubadilishwa, ikaja kuwa Utamaduni, sasa ni Mazingira tunapanda miti. Afrika Kusini walifanya vizuri zaidi. Wazulu walikuwa na Siku yao ya Shaka, 24 Septemba. Ilipoachwa nje ya orodha mpya wakalalamika, ikarudishwa kwa jina la Siku ya Urithi, ya kila mtu na asili yake. Leo nchi nzima inachoma nyama siku hiyo. Wapo wanaonung'unika kwamba historia imegeuka mishikaki, lakini angalau watu wako nje pamoja.

Muuza bendera, barabarani

Kwanza samahani kwa nitakayemuudhi: mkiondoa uwanja mnaniua. Zile bendera ndogo za mkono nanunua jumla Kamukunji wiki moja kabla. Saa kumi na moja asubuhi nauza 50 kila moja, watu wanabebana kuingia na kila mtoto anataka. Saa tatu ni 30. Hotuba ikianza ni 20. Wakitoka hakuna anayenunua, wengine wananirudishia! Mwaka jana nilibaki na 140, ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda, mke wangu kaanza kupangusia meza.

Baba Watatu, Umoja

Nimesoma zote. Mtoto wa Webuye, nalegeza: Mashujaa iendelee kuzunguka kaunti, nanyi mpate viwanja vyenu. Madaraka siiachi. Soja, hilo lako ni la mwanasheria, na kuna mmoja ploti yetu ambaye huwasaidia watu bila malipo, nitamuuliza.

Nimezungumza na wazazi tisa hapa mtaani kwetu. 1 Juni ijayo tunataka watoto waandamane kuanzia lango la shule ya msingi mpaka sokoni, na filimbi zao, wazee waketi pembeni watazame. Chifu ameniambia kwa mujibu wa sheria lazima nimwandikie mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya 14.

Mhasibu, Ruaraka

Yaani kusherehekea kujitawala unaomba ruhusa?

Baba Watatu, Umoja

Si ruhusa, ni taarifa. Ndivyo alivyosema. Barua nimeshaiandika rasimu. Muuza bendera, hizo 140 bei gani?

Muuza bendera, barabarani

Za jumla, 15. Zile zilizopangusia meza nakupa bure.