Wiki moja ya baiskeli kutokea Mwanza: niende Bukoba, Musoma au wapi?

binti_nyegezi
Wakuu habari zenu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tumepata wiki moja mwezi wa saba tunataka tuitumie yote kwenye baiskeli. Tunatokea Nyegezi, baiskeli ni za gia za mtumba, fundi kashapitia cheni na breki. Tunachotaka ni kuona ziwa, yaani maji yawe yanaonekana muda mwingi, sio kukimbizana na malori. Nawaza Musoma au Bukoba kwa daraja jipya. Mliopita huko nisaidieni, na usalama pia maana bi mkubwa kashaanza maswali.

wa_kemondo
Dada nenda Bukoba. Daraja la Kigongo–Busisi lile lililofunguliwa June 2025 ni kilomita 3 uko juu ya maji tu, pale zamani tulikua tunapanga foleni ya kivuko. Alafu ukishafika Muleba ni migomba kushoto kulia na ziwa unaliona kule chini. Kurudi unapanda MV Victoria usiku unaamkia Mwanza.

spoku36
Muleba pazuri sana sikatai, ila mwambie na huku kwingine. Ukishavuka Busisi, Sengerema, Geita mpaka Biharamulo ziwa unalisahau kabisa, ni malori na mabasi, na jumla ni zaidi ya kilomita 400 wakati yeye anataka maji. Kwa wiki moja mimi ningeenda kisiwani Ukerewe kwa kuzunguka: Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, hapo unaacha barabara ya Musoma unakata kushoto kwenda Kisorya, unavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, Nansio, unarudi Mwanza kwa meli. Kipande cha Bunda–Kisorya ndo chenyewe dada, umeingia kwenye rasi, ghuba ya Speke iko kushoto kwako, magari machache, na kwenye mialo unakuta dagaa zimeanikwa mchangani kina mama wanazigeuza kwa fagio. Hiyo huwezi kuiona ukiwa ndani ya basi.

binti_nyegezi
Asante kaka, hiyo ya kuzunguka sikuifikiria kabisa. Kivuko kinapokea baiskeli? Na kutoka Nyegezi lazima nipite mjini?

spoku36
Kinapokea, kinabeba mpaka magari. Mjini usipite, nenda Buhongwa mpaka Usagara ushike lami inayoenda kutokea Kisesa, umeikwepa foleni yote. Na Bujora ipo hapohapo, mdogo wako akaone makumbusho ya Wasukuma.

mama_magu
Mwanangu mimi naongezea ya usalama. Baada ya Lamadi mnapakana na Serengeti, geti la Ndabaka liko barabarani kabisa, na tembo huku wanatoka wanaingia mashambani kwa watu, kwa hiyo kile kipande mpite asubuhi jua limeshatoka, jioni msithubutu. Ziwani msiogee kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kichocho kipo, na kiboko akipanda kula usiku hana utani. Bebeni matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa, yanashibisha na hayaharibiki upesi.

fundi_igoma
Tyubu za akiba mbili kila mmoja, viraka na pampu. Ukitoka nje ya lami miiba ya migunga inakumaliza, na kisiwani barabara nyingi ni vumbi, upepo wa tairi upunguzeni kidogo mkifika huko. Keria ikazwe nati zote, mzigo ukicheza spoku za nyuma zinakatika.

spoku36
Kingine, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Mkichagua wiki ya giza, usiku mkiwa Nansio mnaona taa zimejaa majini mpaka mbali. Na kilima cha Handebezyo mpande, kule juu unaliona ziwa na visiwa vyake vizuri sana.

binti_nyegezi
Basi tumekubaliana ni Ukerewe, wiki ya giza. Siku ya kwanza tukilala Lamadi tutakua tumejikaza sana?

mama_magu
Ni zaidi ya kilomita 100 mwanangu, na mchana upepo wa ziwani unaamka. Laleni Magu, kesho yake mlale Lamadi, alafu Bunda muende asubuhi bila haraka.