Rimu za nikeli au za polishi kwa sisi wa pwani ya Kusini? Tupeane uzoefu

Kuchele_Shangani (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Noah yangu mpaka leo inatembelea rimu za chuma inchi 15 na kava za plastiki. Kava moja ilichomoka pale Mnazi Mmoja usiku, sikurudi kuitafuta. Sasa nimepata seti mbili za rimu za spoti inchi 16, zote mtumba, bei hazipishani sana. Moja ni nikeli, inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nyingine ni aluminiamu tupu iliyopigwa polishi, haina rangi wala klia (ile rangi angavu ya kupaka juu), mng'ao wake kama sufuria mpya.

Nakaa Shangani, Mtwara. Asiyepajua, bahari ipo hapo hapo, na grili ya dirisha niliyoipaka rangi mwaka jana imeshaanza kutoa machozi ya kutu. Video za Wamarekani nimeziangalia, wao wanalalamikia chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Mimi namtaka aliyefunga huku kwetu. Ulifunga nini, kikakukuta nini?

Mtu_wa_Mikindani
Mkuu, mimi nikeli zilinifunza adabu. Mwaka wa kwanza kila mtu anauliza umezitoa wapi. Masika ya pili nikaona kipele, kidogo kama kichwa cha pini, pale fundi alipogonga risasi ya balansi, kile kizito cha kusawazisha gurudumu, kwenye ukingo. Nikakikwaruza kwa ukucha. Ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake kuna unga mweupe mweupe.

Kubanduka kwa nje ningevumilia. Shida ikaja ndani, pale tairi inapokalia. Kila asubuhi tairi ya nyuma kushoto imelala. Nimebadilisha vali, nimeziba pancha ambayo hata haikuwepo. Mwisho mzee mmoja fundi pancha akalitumbukiza gurudumu zima kwenye pipa la maji, akaniambia, "Mwanangu, usitazame mpira, tazama chuma." Kweli, vipovu vinatoka ukingoni kimoja kimoja, taratibu, kama samaki anapumua. Akabandua nikeli yote ya ndani, akapiga msasa, akapaka gundi. Miezi miwili, ikarudi kule kule. Nikamuuzia jamaa wa bara.

Newala_Juu
Jamaa wa bara ndio sisi hao, hahaha. Zangu nilinunua mtumba vile vile na zina mwaka wa sita sasa. Maji, sabuni ya maji, kitambaa laini, basi. Huku bahari tunaisikia kwenye habari tu. Adui yetu ni vumbi jekundu, na ukilifuta likiwa kavu unachora rimu mistari. Kwa hiyo msiitukane nikeli, semeni mnaishi wapi.

Fundi_Mingoyo
Nakazia la Newala. Ngoja niwaeleze kinachotokea, maana nazifungua kila siku.

Kinachong'aa kwenye "nikeli" ni tabaka mbili au tatu. Juu kabisa ni kromu, nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake ndiyo nikeli yenyewe, hiyo ndiyo inaleta kioo na ndiyo inayozuia maji. Mara nyingi kuna shaba pia kabla ya kufika kwenye aluminiamu. Tabaka zikiwa nzima, hakuna tatizo. Jiwe likitoboa tundu moja, maji ya chumvi yakaingia, basi metali mbili zinakutana kwenye unyevu na inayoliwa ni aluminiamu, kwa sababu ndiyo dhaifu kati yao. Inaliwa kwa chini, kimya kimya. Ndiyo maana kipele ni kidogo ila ukibandua unakuta shimo.

Na hapo hakuna cha kurekebisha gereji. Kuichovya upya ni lazima ya zamani itolewe yote, na kazi hiyo haifanyiki kwenye uwanja wa mtu kama mimi, kemikali zake ni sumu. Ukiletewa kopo la rangi ya kupuliza ukaambiwa ni kromu, hiyo ni rangi ya fedha tu.

Polishi nayo inaliwa na chumvi, msidanganyike. Inafifia, inatoa unga. Tofauti ni kwamba hakuna tabaka la kubanduka. Unapiga msasa wa maji, unarudisha.

Mzee_wa_Mitwero
Halafu kuna polishi yenye klia juu, msiichanganye na hiyo tupu. Zangu zilikuwa hizo. Klia ikapata mchubuko pembeni, unyevu wa bahari ukaingia, ikaanza kutembea mistari mistari chini yake, mfano wa njia za mchwa ukutani. Nilikaa Jumapili nzima nasugua na Brasso, ile dawa ya kung'arishia vyuma. Haitoki, maana mchwa yuko chini na mimi nasugua dari! Nilichofanikiwa ni kuichuna klia ikawa na ukungu. Ilibidi klia yote itolewe kwa dawa ya kutolea rangi, tangu hapo natembelea tupu.

Rimu_Nyeusi_Tu
Paka nyeusi, kesi imekwisha.

Mama_Sabuni_Lindi
Hapo juu hajaulizwa rangi, kaka yangu.

Ngoja niwape ya mume wangu. Mimi natengeneza sabuni za vipande hapa nyumbani, kwa hiyo kostiki soda haikosekani. Bwana ana rimu za polishi tupu, anazipenda kuliko mashemeji zake. Siku moja akaona ndoo ina maji niliyosuuzia vyombo vya kostiki, akajiambia, kama inakata mafuta kwenye sabuni, itakata na uchafu wa breki. Nasikia ananiita uani, sauti imebadilika: "Mama Zu, njoo uone, rimu inachemka!" Nakuta povu linafoka na mvuke juu. Kostiki inakula aluminiamu, jamani, ndiyo maana siku zote nakorogea kwenye ndoo ya plastiki. Tulimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Rimu ikatoka nyeusi tii, imekwaruka kama ulimi wa ng'ombe. Mkono wake nao ulimuwasha siku mbili.

Ila ilirudi. Fundi aliipiga msasa siku nzima, leo huijui ni ipi kati ya nne. Ingekuwa nikeli tungeiweka chini ya mtungi.

Fundi_Mingoyo
Shemeji ana bahati macho yake yako salama. Na wale vijana wa kuosha magari wenye chupa ya asidi ya vyooni wafukuzeni, hiyo haina rafiki, nikeli wala polishi.

Kuchele_Shangani (mleta uzi)
Nawashukuru. Fundi, polishi nirudie kila baada ya muda gani? Na nikivuka na pantoni kwenda Msangamkuu magurudumu yanakanyaga maji ya bahari.

Fundi_Mingoyo
Siku ya pantoni usilale nayo hivyo, mwagia maji baridi jioni ile ile, na nyuma ya rimu pia. Msasa anza na namba 400 kama ina mashimo, kama imefifia tu anza na 800, kisha 1000, malizia 2000, ndipo dawa ya kung'arishia na kitambaa. Ukiipaka nta ya gari inachelewa kufifia. Kwa Shangani hesabu kuishika kila mwezi, wakati wa mvua hata kabla. Na mwambie wa balansi atumie risasi za kubandika kwa ndani, asigonge za ukingoni.

Newala_Juu
Kila mwezi! Hiyo ni rimu au mtoto mchanga?

Kuchele_Shangani (mleta uzi)
Nimechukua za polishi, Jumamosi nafunga. Zile nikeli bado ziko kwa muuzaji, Newala njoo uchukue. Na mwenye rimu za chuma inchi 15 nina kava tatu za kumpa bure. Ya nne aanzie kuitafuta Mnazi Mmoja, upande wa kushoto ukitokea Lindi.