Vidonge vya rangi mbili kwa chunusi: nimalize miezi mitatu au niache?

Binti_Bombo

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wasio Waislamu. Nina miaka 24, naishi Bombo na kazi yangu iko Kampala, kwa hiyo asubuhi na jioni niko ndani ya teksi. Chunusi zilinianza nikiwa Senior 3 na mpaka leo hazijaniacha. Si vile vipele vya siku mbili. Ni manundu magumu, mashavuni na kwenye taya, yanauma hata nikilalia mto, na likipona moja linaacha doa jeusi la miezi.

Nimepita njia zote. Manjano na asali. Limao (msijaribu, nawaomba). Krimu ya kuchanganywa, ya kikopo kisicho na jina, niliyouziwa saluni. Ile ilining'arisha wiki tatu watu wakaniuliza siri yangu, nilipoiacha uso ukalipuka mara mbili ya mwanzo. Duka moja la dawa la mtaani lilinipa vidonge ndani ya bahasha, siku tano, hata jina la dawa sijui. Hakuna kilichobadilika.

Mwisho nikajikaza nikaenda kwa daktari wa ngozi. Kaniandikia doksisaiklini miligramu 100, kidonge kimoja kwa siku kwa miezi mitatu, na jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5 ya kupaka usiku. Nilianza wiki moja kabla ya Ramadhani, leo ni siku ya 19. Manundu mapya yamepungua kidogo, au labda najipa moyo. Shida ni kwamba tangu juzi nikimeza hata mate, kifua kinachoma kama nimemeza kaa la moto. Jana sikumeza dawa.

Juu ya hayo senga wangu, yaani shangazi, kaliona kopo. Anasema antibayotiki ya miezi mitatu inamaliza damu na kuharibu kizazi, na nikaha yangu ni wiki moja baada ya Idd Kubwa. Ameniambia nitupe vyote, atanisugua kwa dilka, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, kama wanavyosuguliwa mabibi harusi wengine.

Waliowahi kumeza hizi dawa niambieni ukweli. Faida inafikia madhara?

Mzee_wa_Kibuli

Olewa tu, zitaisha zenyewe.

Nesi_Arua

Mzee, nina watoto wanne na chunusi ya kidevuni bado ninayo. Tuendelee.

Mwanangu Binti_Bombo, kabla sijasema lolote nijibu: unameza saa ngapi, kwa maji kiasi gani, na ukishameza unafanya nini?

Bodaman_Nateete

Mimi nilipewa hiyo hiyo mwaka juzi, na uso ulisafika, sitasema uongo. Ila hakuna aliyeniambia habari ya jua. Mimi ni mtu wa boda, kutwa niko barabarani. Wiki ya pili mgongo wa mikono na ncha ya pua viliungua, ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Mimi ni mweusi tii! Nilidhani kuunguzwa na jua ni mambo ya wazungu wanaopiga picha pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta. Nilivaa glavu na shati la mikono mirefu mpaka dozi ikaisha. Dada, ukikaa kwenye teksi usikae upande wa jua.

Binti_Bombo

@Nesi_Arua nameza wakati wa daku, mafunda mawili ya maji kwa sababu muda unakuwa umebana. Nikishasali narudi kulala. Na kwa huku kuchoma nimekuwa nikitafuna magniziamu baada ya futari, inanituliza kiasi.

Nesi_Arua

Haya, ndipo tulipo. Kapsuli ya doksisaiklini ukiimeza kwa mafunda mawili inanata njiani, kwenye umio, haifiki tumboni. Inayeyukia pale pale, na dawa hii ina ukali wa tindikali, inachubua ukuta wa umio mpaka kidonda. Ukilala ndiyo unaifungia humo. Nimewaona wengi, na karibu wote hadithi yao ni hii yako: maji kidogo, halafu kitanda.

Kwa hiyo umefanya vizuri kusimamisha. Mpigie daktari wako leo, mwambie ulivyokuwa ukimeza, yeye ndiye aseme urudi lini. Kwa kawaida kidonda hicho hupona chenyewe ndani ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili. Lakini ukishindwa kumeza hata maji, au ukitapika damu, usimngoje mtu yeyote mtandaoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Akikuruhusu kurudi, hamisha saa. Meza baada ya kufuturu, ukiwa umekula, kwa glasi nzima ya maji, kisha usilale angalau nusu saa. Nawe una bahati, una tarawehe: utakuwa umesimama muda wote huo.

Magniziamu sasa. Inatuliza kiungulia, kweli, lakini inaishika doksisaiklini tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Yaani ukihamia baada ya futari na magniziamu ikawa hapo hapo, utalipia madhara huku faida unaifunga mlangoni. Vidonge vya madini ya chuma ni hivyo hivyo. Uviachanishe kwa saa kadhaa. Maziwa hayana nguvu kubwa hivyo kwa doksisaiklini, yalikuwa yakiisumbua zaidi tetrasaiklini ya zamani, lakini bado meza kwa maji, usimeze kwa chai ya maziwa.

Senga wako mheshimu, ila hapo kwenye kizazi hapana. Doksisaiklini ndiyo tunayoitumia kutibu klamidia, ugonjwa wa zinaa, na klamidia isipotibiwa ndiyo huziba mirija ya uzazi. Damu nayo haimalizwi. Jambo la kweli analoligusa bila kulijua ni mimba: dawa hizi hazifai kwa mjamzito, huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana pia hatumpi kozi ndefu mtoto wa chini ya miaka 8, meno huota yakiwa na rangi ya kahawia. Hesabu ya kozi yako ilivyokuwa, ingeisha kama wiki mbili na ushei kabla ya Idd Kubwa. Sasa zimekatika siku, kwa hiyo mwambie daktari tarehe ya nikaha na kama mnataka mtoto mara moja. Asipoijua hawezi kukupangia.

Ticha_Mbale

Naomba nipinge kidogo, maana uzi huu unaelekea kuwa tangazo la dawa.

Mimi nilimeza doksisaiklini mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyenipangia hivyo. Nilipewa miezi mitatu, uso ukapendeza, dawa zilipoisha chunusi zikachungulia, nikaenda dukani nikaonyesha kopo tupu nikapewa jingine. Na jingine. Hakuna aliyeniuliza swali, kama vile nanunua pipi. Nilipata fangasi ukeni mara tatu, na kila mara nikatibu fangasi bila kuunganisha na kapsuli. Na mwishowe hata chunusi zenyewe zikazoea dawa. Zilirudi nikiwa bado nameza!

Jeli nilipewa siku ya kwanza kama wewe. Nikaiacha kwa sababu inakausha ngozi na ilinichafulia mto. Leo ndiyo najua kosa lilikuwa hapo. Kidonge kinapunguza moto, jeli ndiyo inayolinda nyumba, na bakteria hawaizoei jeli ile kama wanavyozoea antibayotiki. Nilibaki na kidonge peke yake, nikawafundisha bakteria wangu darasa zima.

Sikwambii uache. Nakwambia usiondoke kwa daktari bila tarehe ya kumaliza iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nesi_Arua

Ticha, umesema yangu. Na kuna jingine linaloniuma. Huku West Nile dawa hii tunaihitaji kwa tauni. Wafugaji wenye brusela, homa inayotoka kwa mifugo, wanaimeza wiki sita pamoja na dawa nyingine. Kipindupindu kikiingia, mtu mzima anapewa miligramu 300 mara moja tu. Ikizoeleka na vijidudu kwa sababu watu wanaitafuna kama karanga, hatuna ghala la siri la kuchukua nyingine. Miezi mitatu kwa manundu yenye maumivu na makovu, sawa. Kwa vipele vitatu vya kipaji cha uso, hapana, jeli inatosha.

Kaka_Busia

Mbona mnazunguka? Kuna dawa inaitwa isotretinoini, rafiki yangu aliipata Nairobi, chunusi zikafa kabisa. Sista nicheki inbox nikuunganishe.

Nesi_Arua

Kaka, msichana amesema ana nikaha. Isotretinoini inaharibu vibaya mtoto aliye tumboni, na mwanamke haanzi kabla ya kupimwa mimba na kuwa kwenye uzazi wa mpango. Ini na mafuta ya damu hupimwa pia. Ni dawa nzuri, kwa manundu makali ni nzuri kuliko hizi kapsuli, lakini haipatikani inbox. Na isichanganywe na doksisaiklini, zote mbili zinaweza kupandisha shinikizo la maji kichwani. Kwa hilo hilo, Binti: ukimeza kapsuli peke yake ukapata kichwa kikali kisichoisha na macho kuona ukungu, acha dawa, nenda hospitali.

Mama_Shamim

Mimi nauliza tofauti. Umesema kwenye taya. Zinachachamaa unapokaribia siku zako? Na siku zako zinakuja kwa mpango? Binti yangu alihangaika na antibayotiki mbili kumbe shida ilikuwa homoni. Hedhi miezi miwili haipo, ndevu kidevuni anazinyoa kwa siri. Alipopimwa ndipo tiba ikabadilika.

Na kama una sindano ya uzazi wa mpango ile ya miezi mitatu, au kijiti, mtajie daktari. Kwa baadhi yetu vinachochea chunusi. Tusioneane haya hapa.

Kuhusu dilka, mimi mwenyewe nilisuguliwa, inanukia peponi. Mwili mzima wasugue, uso waache. Nundu lenye usaha ukilisugua unalipasulia ndani. Na ile krimu ya kikopo isiyo na jina isirudi nyumbani kwako. Kung'aa wiki tatu halafu kulipuka ndiyo tabia ya krimu zenye steroidi.

Binti_Bombo

Mungu awabariki. @Mama_Shamim siku zangu ziko sawa, na sindano sijawahi. Ila kweli wiki ya kabla ya hedhi ndiyo balaa.

Nimempigia daktari. Kacheka kwanza aliposikia habari ya mafunda mawili, halafu akasema nipumzike siku saba, nirudi kwa masharti yale yale ya Nesi. Nikamuuliza tarehe ya mwisho, akanitajia. Nimeiandika ndani ya mlango wa kabati.

Bodaman_Nateete

Na ya jua umemuuliza?

Binti_Bombo

Nimemuuliza. Losheni ya kukinga jua, na mtandio ushushwe mpaka kwenye nyusi. Bei ya losheni nimeiona, nikaamua mtandio kwanza.

Ticha_Mbale

Na jeli usikate tamaa. Anza usiku mmoja upake, mmoja upumzike, mafuta ya kawaida juu yake. Kiasi cha punje ya njegere uso mzima, si kwenye nundu tu.

Binti_Bombo *(wiki saba baadaye)*

Nimerudi kutoa mrejesho kwa sababu nachukia nyuzi za watu wanaopata majibu kisha wanatoweka.

Kifua kilipona siku ya tano. Nikaanza tena baada ya futari, glasi nzima, nikatoka kwenda tarawehe. Hakijachoma tena hata mara moja. Wiki ya tatu baada ya kurudi sikuona kitu, nikaanza kumwamini senga. Kati ya wiki ya tano na ya sita ndipo nikaamka asubuhi nikagundua nimelalia shavu la kulia usiku kucha bila kuamshwa na maumivu. Manundu mapya mwezi huu ni mawili. Wiki ya kabla ya hedhi bado yanachungulia, lakini madogo.

Madoa meusi yapo, yote. Daktari kasema kapsuli haina kazi na madoa, hiyo ni ngozi inayojirudisha polepole, na jua ndilo linalochelewesha. Kanibadilishia hesabu: nimalize kapsuli kabla ya Idd Kubwa hata kama miezi mitatu haijatimia, halafu jeli inaendelea bila kapsuli. Mtoto tumekubaliana na mwenzangu asubiri kidogo.

Senga kanisugua dilka kuanzia shingoni kwenda chini. Uso kaniachia kwa masharti: kama siku ya nikaha kutakuwa na nundu hata moja, anasema mwakani naye atafungua kliniki.

Limebaki moja. Jeli imenichorea madoa ya rangi ya chungwa kwenye mitandio miwili myeusi, mmoja ni wa kuazima. Mwenye kujua namna ya kuyatoa aniambie haraka, mwenye mtandio anakuja Ijumaa.

Mama_Shamim

Hayatoki, mwanangu. Hilo si doa, rangi imeliwa. Peleka kwa fundi wa kutia rangi nguo, utie weusi upya wote miwili, na huo wa kuazima usiseme kitu.