Mjadala: Shairi la Faiz "Hum Dekhenge" ni la dini au la kupinga watawala?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. India na Pakistan wanaligombania shairi hili kwa miaka sasa, na mimi naona wanaolishambulia na wanaolitetea wote wanakwepa jambo lilelile.

Kwa asiyelijua: mtunzi ni Faiz Ahmed Faiz, mshairi wa Kiurdu, mzaliwa wa Sialkot 1911, mtu wa mrengo wa kushoto aliyepewa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1962. Alilitunga Januari 1979. Jenerali Zia-ul-Haq alikuwa ameshapindua serikali ya Pakistan Julai 1977, waziri mkuu aliyepinduliwa, Zulfikar Ali Bhutto, yuko gerezani na hukumu ya kunyongwa, na mwezi uliofuata zikatangazwa sheria za Hudud, yaani adhabu za Kiislamu. Shairi linasema tutaona, lazima nasi tuione siku iliyoahidiwa. Milima ya dhuluma itapeperuka kama pamba, ardhi itatetema chini ya miguu ya wanyonge, mataji yatarushwa huko, viti vya enzi vitaangushwa. Kelele zote zinatoka kwenye sehemu mbili: pale anaposema sanamu zitaondolewa kwenye Kaaba ya ardhi ya Mungu na waliofukuzwa mahali patakatifu watakalishwa kwenye heshima, na pale anaposema litabaki jina la Allah tu.

Desemba 2019 wanafunzi wa IIT Kanpur, chuo cha teknolojia huko India, walilisoma kuwaunga mkono wenzao wa Jamia Millia Islamia, chuo kikuu cha Delhi, walioingiliwa chuoni na polisi wakati wa maandamano ya kupinga sheria mpya ya uraia. Yakaja malalamiko kwamba linawatukana Wahindu, chuo kikaunda kamati. Aprili 2022 bodi ya elimu ya India, CBSE, ikaondoa dondoo za mashairi ya Faiz kwenye masomo ya darasa la 10. Mei 2025 polisi wa Nagpur wakafungua kesi baada ya shairi hili kuimbwa kwenye hafla ya kumbukumbu. Kwa hiyo si habari ya zamani.

Utetezi uliozoeleka ni huu: Faiz hakuwa mtu wa dini, sanamu ni madikteta, Kaaba ni nchi, kwisha. Mimi naona hapo shairi linafuliwa mpaka linachuja rangi. Jina lake kitabuni ni aya: *Wa yabqa wajhu rabbika*, Surat Rahman, aya ya 27. Aliyepita madrasa Tanga au Lamu anaijua kwa moyo, na anajua aya iliyotangulia inasema kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka. Milima kama pamba? Soma Al-Qaria. Ardhi kutetemeka? Zilzala. Huyu bwana alikuwa na shahada ya uzamili ya Kiarabu, hakuokota maneno hayo njiani. Alikichukua Kiyama chenyewe akamwelekezea mtawala aliyejitangaza mlinzi wa Uislamu. Ukiitoa Qurani humo, Zia hana sababu ya kukereka.

Kwa hiyo anayelifundisha afundishe Zia na Surat Rahman kwa pamoja, au aliache. Karibuni mnikosoe.

Bint Mvita

Kaka, umelieleza vizuri ila umeruka mstari mgumu kuliko yote. Mara baada ya jina la Allah anasema utapaa mwito wa *An al-Haqq*, yaani "Mimi ndiye Haki", jina la Mungu mwenyewe, "ambaye ni mimi, na ambaye pia ni wewe". Hayo ni maneno ya Mansur al-Hallaj, yule Sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Mashekhe wengi hata leo ukiwatajia wanashika vichwa. Halafu anamalizia kwa kusema viumbe wa Mungu ndio watakaotawala. Sasa niambie, hapo nani angepaswa kulalamika kwanza, Mhindu wa Kanpur au mwanachuoni wa Lahore?

Wanaosema ni shairi la Kiislamu wasome mpaka mwisho. Wanaosema dini haimo nao wasome mpaka mwisho.

Mswahili wa Leicester

Mimi ni Mgujarati niliyekulia Upanga, Mhindu kwa dini, na Faiz nampenda. Naomba mnisikilize kabla ya kuniweka kundi moja na polisi wa Nagpur.

Kila mara tunaambiwa "hamjui muktadha". Tunaujua. Lakini 1979 ni muktadha wa mwandishi. Mtu aliyesimama uwanjani Kanpur 2019 anasikia lugha anayoielewa, inamwambia sanamu zitaondolewa na jina litakalobaki ni moja. Nyumbani kwangu kuna sanamu. Sihitaji kuwa mjinga ili nishtuke. Kamati ilikuwa upuuzi na kuwafungulia watu kesi ni uonevu, hilo halina mjadala kwangu. Ila kumwambia msikilizaji kwamba kuumia kwake ni kukosa elimu, huo nao ni ubabe.

Mpenzi wa Ghazali

Mkuu wa Leicester, nakuheshimu, lakini ushairi wa Kiurdu una mila yake. Kaaba, hekalu, sanamu, mvinyo, shekhe mnafiki, hivyo ni vyombo vya kazi vya kila mshairi, na shekhe ndiye anayechekwa daima. Mir Taqi Mir, karne ya 18, Mwislamu, aliandika kwamba amejipaka alama ya Kihindu kwenye paji la uso, amekaa hekaluni, Uislamu alishauacha zamani. Hakuna aliyemchukulia kwa maana ya juu juu. Firaq Gorakhpuri alikuwa Mhindu, akatunga ndani ya mila hiyohiyo, na Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, akapewa mwaka 1969. Usiposoma mila, utasikia tangazo la vita mahali palipo na mzaha wa karne tatu.

Mswahili wa Leicester

Mzee, mfano wa Mir unanisaidia mimi. Kwenye ghazali, yale mashairi ya mapenzi, sanamu ni mpenzi, mshairi anaisujudia na kuidharau Kaaba. Sanamu inashinda! Faiz hapa ameandika nazm, shairi la mada moja, si ghazali, na sanamu inatolewa nje. Amechukua picha ya mwaka 630, Mtume anapoingia Makka, si picha ya Mir. Hayo mawili msiyachanganye.

Mtu wa Kawaida

Samahanini wakuu, sisi yanatuhusu nini?

Mwanzisha mada

Yanatuhusu kidogo. Faiz akiwa gereza la Montgomery, hukohuko Pakistan, mwaka 1955 alitunga shairi zima la kuiita Afrika. Baadaye akiwa Beirut alihariri *Lotus*, jarida la waandishi wa Afrika na Asia, na Ngũgĩ wa Thiong'o alipata tuzo ya Lotus mwaka 1973. Tulikuwa chumba kimoja na hawa watu, tukasahau.

Leicester, hoja yako ya ghazali na nazm naikubali, na ndiyo maana siegemei Mir. Mimi naegemea rekodi. Mwaka 1986 Faiz ameshafariki, Zia bado yuko madarakani, mwimbaji Iqbal Bano analiimba ukumbi wa Alhamra, Lahore. Isikilize. Anapofika kwenye mataji na viti vya enzi ukumbi unalipuka, makofi na "Inqilab Zindabad" (yadumu mapinduzi) vinamfunika. Hadhira ile karibu wote Waislamu, wako kwenye nchi inayotawaliwa kwa jina la dini yao. Sanamu walizozifikiria zilivaa sare. Msikilizaji naye ana historia, sawa, lakini huyu wa Lahore alilipia kusikiliza kwake.

Mswahili wa Leicester

Rekodi naijua, nimeisikiliza kuliko wengi humu. Hujanijibu. Kwa nini msikilizaji wa 1986 awe shahidi na wa 2019 awe mwanafunzi wa kufundishwa?

Bint Mvita

Kwa sababu wa 1986 alisikia shairi zima, na waliolalamika 2019 walikata mistari miwili. Hiyo ndiyo tofauti, wala si dini yake. Ningekuwa mwalimu ningemwacha mwanafunzi Mhindu aseme kwanza kilichomchoma, bila kumkatiza, halafu nimpe Hallaj.

Na ile kamati ya Kanpur, kwa taarifa zilizotoka, iliishia kusema wakati na mahali havikufaa. Kuhusu shairi lenyewe haikuamua kitu.

Mswahili wa Leicester

Dada, hapo kwa mwanafunzi kusema kwanza nakubali. Kwa "mistari miwili" sikubali. Matusi yakiwa mistari miwili, mtukanwaji haambiwi angoje mwisho wa shairi.