Mkwaja ilikuwa ranchi, Uvinje haikuwa. Tusichanganye mafaili

Wadau, kila wafugaji wakitimuliwa mahali inaibuka hoja kwamba serikali ilichukua ranchi ikazifanya hifadhi, mfano unatolewa Mkwaja kule Saadani, pwani ya Tanzania, basi wafugaji warudishiwe maeneo hayo walishe ng'ombe. Mi napinga, na sio kwa sababu ya twiga wala watalii. Ile ranchi ilikuwa ya Amboni, wale wa mkonge, ilianza miaka ya 50 na mbung'o haikuwahi kuwaacha wapumue, ng'ombe walikuwa wanaishi kwa sindano za nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yaani dawa ikichelewa tu wanakufa, huku migunga nayo inameza malisho, unaikata inachipua tena. Mwaka 2000 wakafunga. Sasa kampuni yenye hela na wataalamu wa mifugo imechemka, wewe na ng'ombe wako thelathini unaenda kufanya nini kule? 2005 ikaingia rasmi kwenye Hifadhi ya Taifa Saadani na kwangu ndio matumizi yake sahihi. Tena ngiri wanapenda kula kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe, samadi iliyorundikana pale ilileta majani matamu, kwa hiyo faida ya ile ranchi ngiri ndio wanaila mpaka leo 😂

Jibu: Mkuu kwa Mkwaja sikubishii sana japo hata tembo hawalipi ada ya mtoto wa mtu shule. Ila mbona Uvinje umeiruka? Wale ni wavuvi, kitongoji cha kijiji cha Saadani, wamegombana na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, miaka na miaka kuhusu mpaka na ule ufukwe. Nao walikuwa na ranchi?

Sijairuka mkuu, soma kichwa cha mada. Watu wakitaka kuhalalisha hifadhi yote wanakimbilia Mkwaja, "ilikuwa ranchi iliyokufa, hakuna aliyeonewa". Sawa, kwa upande wa Mkwaja. Uvinje palikuwa na nyumba, ngarawa, makaburi ya wazee wao, hapo hiyo hoja haifiki hata robo. Mkwaja ibaki hifadhi, mbung'o alishaamua. Kuhusu Uvinje TANAPA walete ramani ya lile pori la akiba la Saadani lililokuwepo kabla ya hifadhi, wanakijiji walete ya kwao, zisomwe hadharani mbele ya wazee waliokuwepo mipaka ikiwekwa. Anayepinga hilo aseme anaogopa nini.