Watu nane, baa ya Sinza, siku ya Simba na Yanga: nyama na bili tuziendesheje?

Wa Shekilango
Wakuu, salaam. Jumamosi ya dabi tutakuwa watu nane kwenye baa moja ya Sinza ambayo siku za mechi inafurika. Mpira ni saa 11 jioni. Watano wanakula kitimoto (nguruwe), watatu hawagusi kabisa, wao ni mbuzi. Wawili hawanywi pombe. Tuagize kilo ngapi, saa ngapi, na bili tuishikeje isizue ugomvi mwishoni?

Mkaa Mweupe
Mkuu, kabla ya kilo, fahamu kwamba baa nyingi za Dar jiko si la mwenye baa. Yeye ana kaunta tu, choma kakodisha kwa mtu mwingine, na kitimoto mara nyingi ni ya mtu wa tatu. Kwa hiyo mna hesabu mbili au tatu tofauti. Nyama ikichelewa, kumfokea dada wa vinywaji hakusaidii, maana hana mamlaka jikoni. Mmoja wenu ainuke akaongee na mchomaji mwenyewe.

Kilo: nyama inapimwa mbichi. Mbuzi akichomwa vizuri hupoteza karibu theluthi ya uzito, na bado kuna mifupa. Kwa wale watatu chukua kilo 1 na nusu, paja na mbavu. Kitimoto kwa watano, kilo 2 na nusu. Ongeza ndizi za kuchoma, na ugali mmoja au miwili wa kuchangia. Simama kwenye mizani, hakikisha inasoma sifuri kabla nyama haijawekwa, na chagua kipande kwa mkono wako. Ukimwachia, utapata shingo.

Muda: paja zima linataka saa nzima hata zaidi, mbavu dakika 40 hivi. Siku ya dabi wavu wa kuchomea unajaa, ongeza nusu saa. Agiza saa 9 alasiri, mle kabla ya mpira kuanza. Mapumziko ndipo baa nzima inapoagiza kwa pamoja, na hapo mchomaji anaanza kuharakisha. Anapepea moto, mafuta yanadondokea mkaa, ndimi za moto zinapanda, nyama inaungua nje huku kwenye mfupa bado ina damu. Mwambie akate vipande baada ya kuchoma, si kabla, la sivyo inakauka. Na aiwekee alama, hata kamba tu, kwa sababu mapaja 10 kwenye wavu mmoja hubadilishana wenyewe kwa wenyewe.

Dada wa Kaunta
Niongeze upande wa vinywaji. Baa nyingi mhudumu anachukua bia kaunta kwa hesabu yake, na mteja akitoroka zinakatwa kwake. Ndiyo maana mnaona anarudi rudi mezani. Msimwone anawasumbua.

Meza moja, mhudumu mmoja, mtu mmoja wa kuagiza. Watu nane wakiagiza kila mmoja kwa mhudumu aliye karibu, mwisho hakuna anayejua nani kanywa nini. Bia ifunguliwe mbele yenu, vizibo viwekwe kwenye kisosi, na chupa tupu zisiondolewe kabla hamjahesabu pamoja. Soda na maji ya wale wawili yaandikwe mstari wake. Ulizeni pia zamu yake inaisha saa ngapi. Akibadilishana na mwenzake lazima afunge hesabu, basi lipeni ya mpaka hapo kisha mwanze upya.

Malipo ya simu fanyeni kama dakika 10 kabla ya mpira kuisha. Kipenga kikilia kila mtu anatuma, mtandao unakwama. Jina linalotokea kwenye Lipa Namba lisomeni kabla ya kuweka namba ya siri. La jiko na la kaunta hayafanani.

Ya baridi agizeni mapema. Friji likishamalizwa na kujazwa upya, bia inayotoka mle ni ya moto kwa masaa.

Mkaa Mweupe
Sahihi kabisa dada. Na kwa watakaohamia Konyagi: ina asilimia 35, kwa hiyo chupa ndogo ya ml 200 ina ml 70 za kilevi chenyewe. Bia ya Safari ya ml 500, asilimia 5.5, ina ml 27.5. Chupa hiyo moja ya Konyagi ni sawa na Safari mbili na nusu. Mtu akiiona ndogo akaimaliza kipindi cha kwanza, cha pili hataona mpira.

Wa Shekilango
Asanteni sana. Hao watatu wanaogopa mbuzi wao kuchanganywa na kitimoto. Inawezekana?

Bucha la Kona
Inawezekana, na wana haki ya kuuliza. Angalia kama majiko ni mawili kweli: wavu tofauti, gogo la kukatia tofauti, kisu tofauti, sinia tofauti. Gogo likiwa moja, mbuzi achukuliwe jiko la jirani, aletwe. Mezani pia kachumbari iwe mabakuli mawili, mikono huwa inasahau.

Kwa wala kitimoto, omba kuiona mbichi. Ukikuta vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya mnofu, hayo ni mabuu ya tegu, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Iliyo salama ichemshwe kwanza kwa maji yake, chumvi na ndimu, ikauke, ndipo ikaangwe kwa mafuta yake yenyewe, bila wekundu wowote ndani. Hiyo ni dakika 40 na kuendelea. Ikiletwa baada ya robo saa, ipasueni kipande kinene kwanza. Ikiwa nyekundu, irudi kikaangoni.