Samaki wangu aina ya beta amezeeka au anaumwa?

Tangi20: Wakuu, beta dume, nina naye mwaka wa tatu. Rangi imefifia, analala chini, chakula anakilenga anakikosa. Nimpe dawa?

Mapezi: Usikimbilie dawa, mkuu. Beta huishi miaka 3 hadi 5, na wa dukani huwa tayari ana miezi kadhaa. Uzee huja polepole. Ugonjwa mara nyingi hubadilisha hali ndani ya siku moja mbili: mapezi yanabana mwilini, anahema juu ya maji, kinyesi kinakuwa cheupe. Mtazame kutoka juu. Magamba yakisimama, figo zimeshindwa kutoa maji mwilini.

MajiKwanza: Pima maji kwanza! Amonia (sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula) 0, naitraiti (sumu itokanayo na amonia) 0, joto nyuzi 25–27. Amonia humfanya hata samaki kijana aonekane kikongwe.

Tangi20: Amonia 0.5. Juzi niliosha sponji ya filta bombani.

MajiKwanza: Ndiyo hiyo. Klorini ya maji ya bomba imeua bakteria wa kwenye sponji wanaokula amonia. Badilisha robo ya maji, yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile, kila siku mpaka amonia isome 0. Chakula punguza nusu. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi.

Mapezi: Akikonda huku anakula na mgongo ukapinda, huenda ni kifua kikuu cha samaki, kinachofanana mno na uzee. Huambukiza binadamu kupitia mchubuko, kwa hiyo vaa glavu. Ikibaki kuwa uzee tu, shusha kina cha maji hadi sentimita 15, punguza mkondo wa filta, loweka punje za chakula zilainike.